Habari za Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji, na za Nakala Zinazopigwa Chapa

Mtu akiingia katika nyumba za Kiseke siku hizi, na hata za Pasiansi na Kirumba, mara nyingi huona ukutani picha ya mnyama. Pengine ni chui mwenye madoa makubwa, pengine ni tembo, au ndege wawili juu ya tawi. Rangi zake zapiga kelele, na nyuma ya mnyama hamna mlima wala nyumba, ila rangi tupu. Picha hizo twaziita tingatinga. Watoto wetu, ambao wamelijua neno hilo kwa mashine ya kulimia na kuchimbia barabara, hucheka wakilisikia. Watu wazima hudhani ni jina la namna ya kuchora, kama tusemavyo mkeka wa namna fulani au kikapu cha namna fulani. Lakini Tingatinga alikuwa mtu. Alizaliwa na mama, akafanya kazi za kuajiriwa, akaoa, akazaa watoto, akafa angali na nguvu zake. Habari zake ndizo tupendazo kuzisimulia mwezi huu, nasi tutaanza kwa kuungama jambo letu wenyewe.

Kwa muda wa miaka mitano hivi tulikuwa na picha ya chui katika chumba tunachopokelea wageni. Tuliinunua mjini kwa mtu mmoja aliyetuhakikishia kuwa ni kazi ya mkono wa Tingatinga mwenyewe, na kweli chini yake pembeni jina lilikuwapo, limeandikwa kwa herufi kubwa. Tukalipa fedha ambazo mchungaji hapaswi kuzitaja mbele ya mtunza hazina wake. Kila mgeni alipokuja tulimwonyesha chui yule, tukamweleza kwa sauti ya mtu ajuaye. Basi siku moja kijana wa usharika wetu, afanyaye kazi katika duka la kupiga chapa, alikuja kututengenezea taa. Aliposhuka ngazini aliitazama picha ile, si kwa mbele kama tulivyozoea kuitazama, bali kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukipita juu yake. Kisha akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akatuita tuangalie. Tuliona vitone vidogo sana vya wino, vyekundu, vya manjano, vya buluu na vyeusi, vimenyunyizwa karibu karibu kama vumbi. Hapakuwa na alama ya brashi hata mahali pamoja. Jina nalo lilikuwa vitone vile vile. Chui wetu alitoka katika mashine.

Tuliona haya, maana tulikuwa tumewafundisha wageni uongo pasipo kujua. Kijana hakutucheka, kwa kuwa amelelewa vizuri. Lakini kabla ya kuondoka alituuliza neno ambalo hatukuweza kumjibu: kama yeye, ambaye hupewa kazi ya kuchapa picha kama hizo mara kwa mara, afanya kosa. Tulimwomba atupe muda. Ndipo tulipoanza kutafuta habari za mtu huyu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, upande wa Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika siku zile, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo wa kabila la Wamakua, na majina yake mawili ya kwanza yaonyesha nyumba zote mbili alizotoka. Elimu ya shule aliyopata ilikuwa chache. Wala hapakuwa na mtu aliyemfundisha kuchora darasani. Ila yasemekana kwamba katika nchi ile watu walikuwa na desturi ya kupamba kuta za udongo za nyumba zao kwa picha za wanyama na watu, na wako wanaoamini kuwa macho yake yalijifunza hapo. Sisi twaona neno hilo ni la kuaminika. Mtoto aliyekua akiona twiga juu ya ukuta wa jirani haoni ajabu kuchora twiga.

Mwisho wa miaka ya 1950 aliondoka kwao kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya katani. Wasomaji walio wazee watakumbuka jinsi kazi ile ilivyokuwa: kukata majani yenye miiba mikali nchani, kuyafunga mafungu mafungu, kuyahesabu mbele ya msimamizi, na kupewa ujira mdogo. Hakukaa huko siku nyingi. Aliendelea mpaka Dar es Salaam, akafikia kwa ndugu yake, akapata kazi katika nyumba ya Mwingereza mmoja mtumishi wa serikali, kazi za nyumbani na za bustani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Wazungu wengi wa namna ile walirudi kwao, na watumishi wao wakabaki kutafuta riziki. Tingatinga naye alifanya kazi hii na ile. Makazi yake yalikuwa Msasani, mahali paitwapo Mikoroshoni.

Siku zile palikuwa na wachoraji kutoka Kongo waliouza picha zao katika mitaa ya Dar es Salaam, na Wazungu walizinunua. Yasemekana kuwa Tingatinga aliziona, akapima bei yake na uwezo wake mwenyewe, akajiambia kuwa naye aweza. Hivyo mwaka 1968, akiwa mtu wa miaka 36, mwenye kisomo kidogo na asiye na mwalimu, alianza kuchora.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tueleze vyombo vyake, maana shauri letu lote limo ndani yake. Mchoraji wa Ulaya hutumia kitambaa cha kanvasi kilichowambwa juu ya fremu ya mbao, na rangi za mafuta ziuzwazo katika vichupa vidogo kwa bei kubwa. Tingatinga hakuwa na fedha za vitu hivyo. Alichukua hadibodi, yaani ubao mwembamba wa unga wa mti uliobanwa, ambao mafundi huutumia kwa dari. Akaukata vipande vya mraba, mara nyingi vya sentimita 60 kwa 60 hivi. Rangi yake ilikuwa ile ya mkebe, ya kung'aa, ambayo watu hupakia baiskeli na milango. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja au mbili, akauacha ukauke. Juu yake alichora mnyama mmoja, akamjaza mwili wote pembeni hata pembeni, kisha akatia madoa, mistari na macho. Rangi ya mkebe haichanganyiki kwa urahisi wala haikauki upesi. Kwa hiyo rangi moja husimama kando ya nyingine bila kuingiliana, na ukipitisha kidole juu ya ubao wasikia kila doa limeinuka. Uzuri wa picha zake watoka katika umaskini wa vyombo vyake, nao ni uzuri hasa, si kitu cha kuhurumiwa. Chui wake atazama watu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Picha ziliuzwa nje ya maduka yaitwayo Morogoro Stores, katika mtaa wa Oyster Bay, ambako Wazungu walikwenda kununua nyama na mboga. Mwaka 1970 alioa, na mkewe alimsaidia kazi ya kuuza. Bei ilikuwa ndogo, lakini wanunuzi walirudi tena, na shirika la serikali lililoshughulika na sanaa nalo likaanza kununua kazi zake. Mtu mmoja hakutosha kwa kazi yote. Akawakusanya ndugu na jamaa wachache, akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Casper Tedo, January Linda, na Simon Mpata ambaye baadaye alihamia Nairobi na kujulikana hata Japani. Hakuwafundisha kwa kitabu. Waliketi karibu naye, wakatazama, wakajaza rangi katika picha zake, hata mikono yao ikajua. Alichokuwa nacho aliwagawia, wala hakuogopa kwamba mwanafunzi atamnyang'anya soko.

Nayo ilikuwa miaka minne tu. Mwaka 1972 huko Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakiwafuata wezi walimdhania kuwa ni mmoja wao, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alimwacha mkewe na watoto wawili wadogo. Hatutaongeza neno juu ya jambo hilo. Lakini tulipolisoma mara ya kwanza tulinyamaza muda mrefu, tukamtazama chui wetu ukutani.

Baada ya mazishi wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora kwa namna aliyowafundisha, wakawafundisha wengine, na hao wengine tena. Mwaka 1977 waliunda ushirika wao, na mwaka 1990 ushirika huo ukawa chama cha ushirika chenye jina la Tingatinga. Tulipata kufika pale Oyster Bay tulipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kanisa. Tuliwakuta watu wameketi chini na juu ya viti vifupi, mikebe ya rangi mbele yao, wakichora kwa utulivu kama akina mama wachambuao mchele. Hadibodi imekuwa haba kwao. Wengi huchora juu ya kitambaa, kwa sababu mtalii aweza kukikunja na kukitia katika sanduku lake, bali ubao wa sentimita 60 haukunjiki. Wanyama nao wameongezeka. Picha moja yaweza kuwa na Mlima Kilimanjaro, twiga 7, mto na kijiji kizima. Tingatinga mwenyewe aliridhika na mnyama mmoja, nasi twakiri kuwa twampenda yule mmoja zaidi.

Hapo ndipo tulipotambua upumbavu wetu wa pili. Chui wetu yuko juu ya kitambaa cha kanvasi, na mtu tuliyedhani amemchora alizoea ubao. Kama tungalijua habari za maisha yake kabla ya kufungua mfuko wa fedha, tusingalihitaji kioo cha kukuzia. Jambo hilo lawafaa wote wapendao kununua picha za zamani: ulizeni kwanza mchoraji alichora juu ya nini.

Tuseme sasa jinsi nakala hizi zifanywavyo, kama kijana wetu alivyotueleza. Picha ya asili hupigwa picha kwa kamera nzuri, taa zikiwa pande mbili ili pasiwe na kivuli wala mng'ao. Na picha za rangi ya mkebe zina taabu kwa sababu zang'aa kama kioo. Kisha fundi huzilinganisha rangi za kompyuta na rangi za asili, kazi ambayo fundi mvivu huiruka. Mashine hunyunyiza wino kwa matone madogo kupita jicho la mtu kuona, juu ya karatasi nene ya pamba au juu ya kanvasi iliyopakwa dawa ya kushika wino. Ya kanvasi hupakwa vanishi na kuwambwa juu ya fremu. Ya karatasi hutiwa nyuma ya kioo. Wino mzuri hudumu miaka mingi ikiwa picha haikuwekwa juani, lakini wino hafifu hufifia upesi, na rangi nyekundu mara nyingi hutangulia kuondoka. Katika nyumba zetu za Kiseke, ambazo jua la jioni hupiga kutoka upande wa ziwa, yafaa nakala itundikwe ukuta usiotazama dirisha la magharibi.

Nakala yenyewe si kitu kibaya, wala sisi Walutheri hatuwezi kuidharau. Wasomaji wajua kwamba Agano Jipya la Luther lilipotoka Wittenberg mwezi Septemba mwaka 1522 lilikuwa na picha za Ufunuo zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa, nazo zilitoka katika karakana ya Lucas Cranach, aliyezaliwa mwaka 1472 na kufa mwaka 1553. Sura ya Luther tuijuayo sote yatokana na mtu huyo na wanafunzi wake, ambao waliichora tena na tena, kwa brashi na kwa chapa. Katika karakana ile kazi ya bwana na kazi ya wanafunzi zilitiwa alama moja, nyoka mwenye mabawa, na hata leo wataalamu hubishana ni mkono wa nani. Mnunuzi wa wakati ule alijua kuwa anunua kazi ya karakana. Lakini mnunuzi wa Mwanza, ambaye ameambiwa kuwa ni mkono wa marehemu, amedanganywa.

Tena liko jambo la sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya nchi yetu, iliyotungwa mwaka 1999, humpa mtungaji haki juu ya kazi yake siku zote za maisha yake, na baada ya kufa kwake haki hiyo hubaki kwa warithi miaka 50. Hesabu si ngumu. Tingatinga alikufa mwaka 1972. Miaka hiyo 50 iliisha pamoja na mwaka 2022. Katika muda wote huo jina lake lilizunguka duniani. Mwaka 2010 hata vichekesho vya watoto vya televisheni, vilivyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza, vilichukua jina hilo na namna yake ya kuchora. Mashati yalichapwa, na vikombe, na kadi za posta. Tukifikiri habari za mjane aliyekuwa akisaidia kuuza mbao zile nje ya maduka, na watoto wawili waliokuwa wadogo, twaona kuwa sheria ya miaka 50 yaweza kupita juu ya nyumba ya mtu kama mvua ipitayo juu ya mwamba wa Bismarck, isiache hata kidimbwi.

Basi tulimwita kijana wetu, tukampa jibu letu. Picha alizozichora Tingatinga mwenyewe aweza kuzichapa, kwa kuwa muda umekwisha. Lakini ziko picha nyingi za namna ile zilizochorwa na watu walio hai, au waliokufa juzi juzi, na hizo si za Tingatinga hata kama muuzaji asema hivyo. Mwenye kuzichapa bila ruhusa yao amewaibia, nao wengi hawana chakula kingine ila brashi. Yampasa kuuliza kila picha imetoka wapi kabla ya kuwasha mashine, na kama mwenye kuileta hawezi kusema, airudishe. Alituambia kuwa akifanya hivyo atapoteza wateja, maana duka la pili halitauliza. Hatukuwa na la kumjibu ila kwamba twalijua hilo. Alikaa kimya, kisha akasema atajaribu kwa mwezi mmoja kwanza. Miezi mitatu imepita, naye amepoteza wateja wawili, amepata mmoja.

Chui hatukumtoa ukutani. Kijana alituchapia kipande cha karatasi, tukakitia gundi chini ya fremu. Kimeandikwa kwamba hii ni nakala iliyopigwa chapa kwa mashine, kwa kufuata picha zenye jina la Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufa mwaka 1972, na kwamba yeye alichora juu ya ubao. Wageni hukisoma kabla ya kuketi, na mwinjilisti wetu mmoja tayari ameomba karatasi kama hiyo kwa ajili ya tembo aliye kwake.